Mishikaki ya Mzee Yoakimu

Ndugu msomaji, kama wiki iliyopita gazeti hukulipata, sikulaumu. Hata mimi ningependa nisiyajue niliyoyaandika humo.

Kwa kifupi ni hivi. Mimi ni Reginald, mtoto wa Ukerewe, mwalimu wa shule ya msingi niliyepangiwa kazi Mogitu, chini ya mlima Hanang. Mwanzoni mwa mwaka 1977 kijiji chetu cha ujamaa kilichaguliwa kupeleka kikundi cha ngoma Unguja kwenye sherehe za kuzaliwa kwa Chama. Walikwenda watu kumi na wawili, na mimi nikafanywa kiongozi wa msafara, kwa sababu nilikuwa na Kiswahili cha vitabu na Kiiraqw cha kubahatisha.

Tulilazwa katika madarasa ya shule moja pale mjini. Wenyeji walitupokea vizuri sana, wala sina neno nao. Mchana walituletea wali na samaki. Jioni walituletea wali na samaki. Shida ni kwamba watu wangu walikuwa hawali samaki.

Najua vijana wa leo wa Hanang mtacheka, maana perege wa Babati mnawamaliza mpaka vichwa. Lakini kiongozi wetu wa ngoma, Mzee Yoakimu, alikuwa mtu wa zamani. Kwake yeye kinachoishi majini ni ndugu wa nyoka, basi. Padre alipowaambia Ijumaa waache nyama, wale samaki, Mzee alikula maharage, na padre akakoma kumwambia.

Tena huyu ndiye mzee aliyekuwa akibariki mbegu za Mogitu nzima kabla ya kupanda. Watu walikuwa hawachomeki jembe mpaka Mzee Yoakimu aseme. Mdomo wake ulikuwa mali ya kijiji.

Siku mbili wakala wali mkavu kwa chai. Na mimi jioni zote mbili niliwaaga, eti naitwa na kamati ya mapokezi, kumbe naenda Forodhani kula peke yangu. Hapo ndipo nilipowaachia ninyi wasomaji wiki iliyopita. Mama mmoja wa Dongobesh ameniandikia kwamba ningekuwa mwanawe angeninyima ugali mwezi mzima. Mama, shikamoo. Naomba usome na ya leo, halafu uongeze miezi.

Jioni ya tatu Mzee akaniita. Alikuwa amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kifuani, jasho linamtiririka. Joto la kule lilikuwa linawaua watu wa mlimani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Kesho kutwa tunacheza, na hawa watoto hawana nguvu. Huku hakuna ng'ombe?"

"Wapo, Mzee."

"Basi tafuta nyama ya ng'ombe. Wewe njia unaijua."

Niliona aibu hapo hapo, maana njia nilikuwa naijua kuliko alivyodhani. Lakini aibu yangu ya siku zile ilikuwa ya kupita tu, inabisha hodi na kuondoka.

"Nenda na mke wa Felician akubebee kikapu," akasema.

Huyu mke wa Felician ni Verediana, mwimbishaji wetu. Felician ni mtoto wa Mzee, mwalimu mwenzangu na rafiki yangu, aliyebaki Mogitu kushika darasa langu na lake. Siku tunapanda lori alinishika mkono akasema, "Shemeji yako huyo. Nakukabidhi wewe, maana baba yangu hatazungumza naye njia nzima." Nami nikajibu, kwa mdomo huu huu, "Usiwe na wasiwasi."

Tukatoka mimi na Verediana, magharibi inaingia.

Bwana wee, asiyeijua Forodhani ya jioni hajui tamaa ni nini! Karabai zimewashwa meza hadi meza, moshi unapanda, watu wanaitana. Hapa kuna muhogo wa kuchoma uliopasuliwa na kupakwa pilipili. Pale kuna badia, kachori, katlesi, mkate wa kumimina. Mzee mmoja anakamua miwa, anatia ndimu na tangawizi, anakupa glasi unakunywa umesimama. Na vyote hivyo ni vya senti. Ukiwa na sumni mfukoni unatembea kifua mbele.

"Mwalimu, nyama iko wapi?" Verediana akauliza.

"Ile pale." Nikamwonyesha meza ya muuza mishikaki ya ng'ombe. Jiko lake lilikuwa limejaa, nyama inadondosha mafuta kwenye makaa.

"Tununue twende, basi. Wazee wana njaa."

"Nyama haikimbii, shemeji. Umekuja Unguja mara moja katika maisha yako, utarudi Mogitu ukasimulie nini? Tuzunguke kidogo."

"Tununue kwanza, ndipo tuzunguke."

"Itapoa."

Akanifuata. Ningemsikiliza mwanamke yule, leo nisingekuwa naandika katika gazeti hili.

Tulianza na miwa. Verediana alikunywa glasi moja, akacheka kidogo kwa ile tangawizi iliyompanda puani. Alikula kipande cha muhogo. Baada ya hapo akakaa na kikapu chake mapajani, akawa ananitazama mimi.

Mimi nilikula urojo bakuli mbili. Nikala kachori nne. Nikala pweza, nikimwambia Verediana ni uyoga wa pwani, naye akageuza uso. Halafu nikakuta vijana fulani wanabishana mpira, na mimi mpira siwezi kuuacha, nikaingia kati na kahawa na kashata mkononi.

"Mwalimu," akaniita.

"Nakuja."

"Mwalimu, watu wanafunga."

Niliposhtuka, kweli, upande ule karabai mbili zilikuwa zimezimwa. Nikakimbilia kwa muuza nyama. Alikuwa anafuta meza.

"Imekwisha, bwana. Njoo kesho."

"Hata kidogo?"

"Hata mfupa."

Nikageuka nikamwona Verediana anakuja na kikapu kitupu. Nikawaona wale wazee wamekaa kwenye madawati wananisubiri. Nikaona nitakavyoulizwa nilikuwa wapi muda wote ule.

Meza ya tatu kutoka pale alikuwepo kijana mmoja mcheshi, Makame, ambaye jioni mbili zile tulikwisha kuzoeana naye. Alikuwa bado ana makaa.

"Maalim! Njoo, nimebakisha mishikaki kwa ajili yako. Jodari huyu, katoka baharini leo leo."

Nikaitazama. Jodari, kwa asiyemjua, ni samaki mkubwa mwenye nyama nyekundu. Ukimkatakata, ukampaka viungo na pilipili, ukamchoma mpaka akawa mweusi, huyo ni ng'ombe mtupu kwa macho. Mimi nimezaliwa ziwani. Kwangu samaki ni chakula kama chakula kingine, na hayo mambo ya ndugu wa nyoka nilikuwa nayaona ni ujinga wa kupigwa vita pamoja na maradhi na umaskini.

Ndivyo nilivyojiambia. Na mlafi hakosi la kujiambia.

"Shemeji," nikamwambia Verediana kabla hajafika mezani, "nisubiri pale kwenye ukuta wa bahari. Huu moshi utakuumiza macho."

Akaenda. Nikanunua mishikaki ishirini na minne, nikaomba aifunge kwenye magazeti mara mbili, nikaipeleka kwenye kikapu.

Verediana akainusa. "Mwalimu, hii ni nyama gani?"

"Ng'ombe."

"Inanukia vingine."

"Ni viungo vya watu wa pwani. Twende, wana njaa."

Alikibeba kile kikapu mpaka shuleni. Yeye mwenyewe ndiye aliyefungua magazeti, akaitoa kwenye vijiti, akaiweka kwenye sinia, akapiga goti mbele ya baba mkwe wake akamkaribisha chakula kwa mikono miwili.

Mzee Yoakimu akafanya ishara ya msalaba. Akatia kipande mdomoni, akatafuna. Mimi nilikuwa nimeshika mlango.

"Ng'ombe wa huku ni laini," akasema.

Wakala wote. Wakala wakacheka. Vijana walianza kuimba hapo hapo, mdogo mdogo, na Verediana akawaitikia. Mzee alikula vipande vitano, kisha akajipangusa midomo akanitazama.

"Mwalimu, Mungu akuweke. Nilikuwa nimeanza kuogopa nitaanguka uwanjani."

Nikasema ahsante. Usiku ule nililala vizuri kabisa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi nikikumbuka.

Asubuhi Mzee akaniita tena.

"Huyo mwenye ng'ombe anaitwa nani?"

"Nani, Mzee?"

"Aliyetuuzia. Kwetu mtu akikushibisha ukiwa huna nguvu, huondoki bila kumwombea. Leo jioni tutakwenda wote. Nitamfanyia slufay."

Slufay, kwa msiojua, ni yale maombi marefu ya baraka ya Wairaqw. Mzee anasimama na fimbo, anaombea mvua, watoto, mifugo na amani ya nyumba, na watu wanaitikia. Si jambo la mchezo wala la kila mzee. Mzee Yoakimu alikuwa akifanya slufay watu wazima wanafuta machozi.

"Mzee, yule ni mfanyabiashara tu," nikasema. "Tumekwisha mlipa."

"Nimekuuliza kama umemlipa?"

"Hapana, Mzee. Nilikuwa nasema, nitamfikishia salamu."

"Maombi hayaagizwi. Nitakwenda mwenyewe."

Lo! Mchana huo huo nikaenda mitaani kumtafuta muuza nyama ya ng'ombe, nikampata nyumbani kwake anakata vijiti. Nikamweleza yote. Nilidhani atacheka.

Hakucheka. "Kwa hiyo umemlisha mzee wa watu asichokula, na sasa wataka mie nipokee dua zake?"

"Ni jambo dogo, kaka yangu. Utasimama tu."

"Dogo kwako."

"Nakuomba. Mzee huyu akijua, nimekwisha."

Akakata vijiti viwili vitatu. Kisha akasema, "Mimi uongo sisemi. Wakija, wageni ni wageni, nitasimama. Akiniuliza, mimi namwambia kweli. Asiponiuliza, shauri lako."

Nikaona hapo pananitosha. Mzee hana tabia ya kuuliza watu maswali, nikajiambia. Nikarudi nikipiga mluzi.

Jioni tukatoka wote, kumi na watatu, mimi nikiwa mbele. Wanawake walivaa sketi zao za ngozi zenye shanga, zile zilizowekwa kwa ajili ya sherehe ya kesho. Mzee alivaa shuka lake jipya. Forodhani nzima ikageuka kututazama. Watoto wakaacha miwa yao wakatufuata.

"Ni huyu, Mzee," nikasema mbele ya meza ya nyama ya ng'ombe.

Mzee akampa mkono muuza nyama, mikono miwili, akainama kidogo. Muuza nyama akanitupia jicho moja tu, akaangalia chini.

Mzee akainua fimbo, akaanza.

Sitaweza kuyaandika yale maombi kama yalivyokuwa. Alimwombea mtu yule watoto wasiolia usiku. Alimwombea bahari isimdai. Aliwaombea watu wa Unguja mvua ya kiasi, njia iliyonyooka, na wageni wenye heri. Watu wangu wakaitikia "eee" kwa pamoja, na baada ya muda wenyeji nao, ambao hawakujua hata neno moja la Kiiraqw, wakaanza kuitikia. Mama mmoja aliyekuwa anauza badia akaacha karai lake akasimama. Muuza nyama alikuwa analia.

Mimi nikaona nimepona. Nasema kweli yangu, pale katikati ya maombi nilikuwa nafikiria nikirudi nitapita kwa yule mzee wa miwa.

Ndipo Makame alipopiga ukelele.

"Mzee! Mzee wangu! Mbona dua zangu wampa jirani?"

Akaja amekunja kanzu, anacheka, hana hili wala lile. "Jana watu wako wamenunua kwangu mimi! Mishikaki ishirini na minne! Huyu jirani nyama ilikuwa imekwisha, muulizeni! Nami nataka mvua yangu, Mzee!"

Watu wakacheka. Mzee akateremsha fimbo. Kiswahili cha Makame kilikuwa cha mbio, lakini Mzee alikwisha kuona kuna jambo.

"Wewe una ng'ombe gani?" akamuuliza polepole.

"Ng'ombe? Mzee, mimi ng'ombe simjui!" Makame akarudi mezani kwake akaingiza mikono miwili kwenye beseni, akanyanyua jodari mzima kwa mkia, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, macho yako wazi. "Huyu hapa! Huyu ndiye mliyemla jana!"

Hakuna aliyeitikia tena. Mmoja wa wanawake wetu akaziba mdomo kwa kiganja. Kijana mmoja akaenda pembeni, tukamsikia anatapika.

Mzee Yoakimu hakutapika. Alimtazama yule samaki muda mrefu. Kisha akajigusa midomo kwa vidole viwili, taratibu, akavitazama vidole vyenyewe. Makame naye alikwisha kuelewa kwamba ameharibu, akamshusha samaki, akawa anasema, "Mniwie radhi, mimi sikujua, mniwie radhi."

Mzee akanigeukia.

"Mwalimu, ulijua?"

Msomaji wangu, hapo ndipo nilipopata nafasi yangu. Ningesema "Nilijua, Mzee, nisamehe," angenichapa kwa ile fimbo mbele ya Unguja nzima, nami ningechapwa, na habari ingekuwa imekwisha. Ningerudi Mogitu mtu aliyekosa. Wapo wengi waliokosa na wanaishi.

Lakini nilitazama watu. Nilitazama wale vijana wangu niliowafundisha kusoma, wanasubiri nijibu. Nikaona cheo cha mwalimu mkuu nilichokuwa nimeahidiwa. Nikaona ninavyochekwa Katesh mpaka Mbulu.

Nikabadili lugha. Nilisema kwa Kiiraqw, ili Makame na muuza nyama wasinielewe.

"Sikujua, Mzee. Mimi nilikwenda kutafuta maji ya kunywa. Aliyenunua ni Verediana. Akaniambia ni ng'ombe, wa meza hii."

Lugha yao hiyo walinifundisha wao wenyewe, jioni kwa jioni, wananicheka matamshi. Na jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu niende Mogitu, sikukosea hata neno moja.

Verediana aliinua kichwa. Alikuwa amesimama nyuma ya wanawake wenzake. Akanitazama mimi, akafungua mdomo.

"Kumbe ni wewe," Mzee akamwambia.

Akaufunga.

Kwao, mke wa mwana hambishi baba mkwe mbele za watu. Hamtaji jina, hamkatizi, na akilaumiwa naye anainamisha macho mpaka mumewe aje amsemee. Mzee akisema ni wewe, basi kusema siyo ni kumwita mwongo. Na mumewe alikuwa Mogitu, anafundisha darasa langu.

Hilo nililijua. Miaka minne nilikuwa nimekaa nao. Msiseme niliropoka kwa hofu. Nilimchagua yeye kwa sababu nilijua hataweza kujibu. Nimelificha jambo hili kwa mke wangu, kwa padre katika kitubio, kwa kila mtu. Leo nimelisema.

Verediana aliinamisha macho.

Tulirudi shuleni. Muuza nyama alinipita njiani na karabai yake mkononi, nikamwamkia, akatema mate upande.

Mzee akawatuma vijana na wanawake wakalale darasa jingine. Tukabaki yeye, wazee wenzake wawili, na mimi. Verediana aliambiwa akae chini karibu na mlango.

"Kesho chezeni," Mzee akasema. "Mmetumwa na kijiji, chezeni. Mimi sitasimama mbele. Huu mdomo sitauinua tena kuomba kitu mpaka wazee wa ukoo wausafishe, na kama watakataa, basi."

"Mzee, na mbegu?" mmoja wa wale wazee akauliza. "Wiki mbili tu zimebaki."

"Mtafute mtu mwingine."

"Nani?"

Mzee alikuwa amekaa kwenye lile lile dawati, na nikaona amezeeka tangu asubuhi. Nilitamani ardhi ipasuke. Bado kulikuwa na nafasi ya kusema. Kila dakika ilikuwa nafasi, na kila dakika niliiacha ikapita.

"Mwalimu, una karatasi?"

"Ninayo, Mzee."

"Chukua kalamu. Kwa mdomo huu sitamwambia mwanangu neno la nyumba yake. Utaandika wewe, halafu tutakapofika atasoma."

Nikaketi. Nikaandika kama alivyosema, na mpaka leo nayakumbuka maneno yote, maana hayakuwa mengi.

"Mwanangu Felician. Mimi baba yako ni mzima wa mwili. Mkeo amenilisha kitu cha majini, akaniambia ni ng'ombe. Sijui nilimkosea nini. Kuanzia siku utakaposoma haya, arudi kwao Dareda mpaka mimi nitakapokufa. Watoto wabaki. Usinibishie. Baba yako."

"Watoto wabaki," nikarudia, kana kwamba sikusikia vizuri.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Mzee."

Alikuwa na watoto wawili, Verediana. Mdogo alikuwa hajatimiza miaka mitatu.

"Soma, na yeye asikie."

Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa safi, ya darasani. Nilipofika kwenye watoto nikasikia kule mlangoni pumzi ikikatika, basi, hakuna kilio.

"Kuna neno la uongo humo?" Mzee akaniuliza.

"Hakuna, Mzee."

"Tia jina lako chini, uwe shahidi."

Nikatia: Mwl. Reginald, kiongozi wa msafara. Nikakausha wino kwa kuupuliza.

"Mpe aibebe yeye mwenyewe, ampe mumewe kwa mkono wake."

Nikainuka nikampelekea. Aliipokea kwa mikono miwili bila kunitazama. Nilidhani ataikunja aitie kifuani.

Aliifungua. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza kukisogeza polepole, midomo ikicheza bila sauti. Wale wazee hawakuelewa anafanya nini, maana walimjua ni mwanamke aliyeacha shule darasa la pili. Mimi nilielewa. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe, miezi kumi na minne, kwenye kisomo cha watu wazima, na cheti chake nilikiandika mimi.

Alipofika kwenye jina langu kidole kikasimama.

Akanyoosha mkono kwangu. Alionyesha kalamu.

"Anataka nini?" Mzee akauliza.

"Sijui, Mzee," nikasema.

"Anataka kalamu," mmoja wa wazee akasema. "Mpe."

Nilimpa. Ningefanyaje? Akaiweka karatasi sakafuni, akapiga magoti, akaandika chini ya jina langu, herufi moja moja, kwa nguvu mpaka ncha ikakwaruza saruji. Alichukua muda mrefu. Nje kulikuwa na kikundi cha mkoa mwingine kinafanya mazoezi ya kesho.

Alipomaliza alikwenda kwa magoti mpaka mbele ya baba mkwe wake, macho chini, akampa karatasi. Hakumbishia. Hakumtaja. Hakutoa hata sauti.

Mzee Yoakimu akaishika. Akaigeuza juu chini, akaisogeza kwenye taa, akawaonyesha wenzake. Wakatikisa vichwa. Mle ndani hakukuwa na mwingine anayejua kusoma.

Akaninyooshea.

"Soma alichoandika, Mwalimu. Usiruke neno."

Nikaipokea. Ilikuwa mistari miwili tu, yenye mwandiko ule ule niliokuwa nikiusahihisha kwa kalamu nyekundu.

"Baba, anayekusomea ndiye aliyenunua.
Muulize aliponunua mimi aliniweka wapi."

"Haya," Mzee akasema. "Tunakusikiliza."